Judo: mkanda mweusi unadai miaka mingapi kwa kijana anayekimbia vita?

Mzazi anayempeleka mtoto wake kwenye klabu ya judo, iwe Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, huuliza kwanza bei ya kimono. Swali lake la pili ni lile lile kila mahali: itachukua muda gani mpaka apate mkanda mweusi? Mwalimu mwenye haraka ya kupata wanafunzi hujibu bila kufikiri: miaka mitatu, mama. Mwalimu mwenye uzoefu hunyamaza kidogo, kisha huuliza naye: mtoto atakuja mara ngapi kwa juma?

Swali hilo la mwalimu ndilo lenye maana, kwa sababu mkanda mweusi hauhesabiwi kwa kalenda. Mtu anayesema amefanya judo miaka kumi, na katika miaka hiyo alikuwa anakuja siku moja na kukosa tatu, hajafanya miaka kumi. Hesabu ni nyepesi. Mtoto anayekuja mara tatu kwa juma, saa moja na nusu kila mara, kwa majuma 44 ya mwaka, anafanya mazoezi 132, yaani saa 198. Miaka mitano ya namna hiyo inakaribia saa 1000. Katika Japani, mwanafunzi wa sekondari anayefanya mazoezi karibu kila siku anaweza kufika kwenye dani ya kwanza kwa mwaka mmoja ao miwili. Katika Ufaransa, ambako klabu nyingi za Congo zimechukua mpango wao wa kufundisha, watu wengi wanachukua miaka mitano mpaka minane, na kuna umri wa chini kabisa wa kupewa dani ya kwanza. Judo ni moja. Kinachotofautiana ni saa ambazo mtu amepita kwenye tatami.

Sasa, mashariki mwa Congo, liko swali la tatu ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulijibu: jamaa hii itakuwa bado hapa mwaka ujao?

Mpango wa mikanda ulitengenezwa na watu waliokuwa na nafasi ya kukaa pahali pamoja. Kano Jigoro alianzisha Kodokan mwaka 1882, katika chumba cha hekalu la Eishoji, Tokyo. Alikuwa na miaka 21, tatami 12 na wanafunzi tisa. Mwaka uliofuata alitoa dani ya kwanza kwa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Katika Kijapani dani ya kwanza inaitwa shodan, na maana yake ni daraja la kuanza. Wazazi wengi wanashangaa wakisikia hivyo. Wanafikiri mkanda mweusi ni mwisho wa masomo, kama diploma ya chuo kikuu, wakati kwa wenye judo yenyewe ni kama mtoto aliyemaliza kujifunza herufi na sasa anaweza kusoma. Mikanda ya rangi nyingi ambayo watoto wanaipenda sana, njano, machungwa, kijani, buluu, ilienezwa kutokea Paris katika miaka ya 1930 na mwalimu Mjapani, Mikonosuke Kawaishi. Aliona kwamba wanafunzi wa Ulaya hawana uvumilivu wa kungoja bila kuonyeshwa kwamba wanaendelea. Huenda watoto wa Goma wangekuwa na uvumilivu zaidi, lakini nao wanapenda rangi.

Na miaka yote hiyo mtoto anajifunza nini? Miezi ya kwanza anajifunza kuanguka. Kuanguka nyuma, kuanguka kando, kuanguka mbele kwa kujiviringisha, kupiga tatami kwa mkono mzima ili kishindo kisiingie kwenye mgongo, kuweka kidevu kifuani ili kichwa kisiguse chini. Ni kazi ya kuchosha, na watoto wengi wanaacha hapo kwa sababu walikuja kujifunza kutupa wengine. Kiisha zinakuja mbinu zenyewe. Orodha ya Kodokan ya kutupa, katika utaratibu wake wa mwaka 1920, ina mbinu 40 zilizogawanywa katika makundi matano. Kila moja ina namna ya kumvuta mwenzako apoteze usawa, namna ya kuingia na namna ya kumalizia. Anayejiandaa kwa dani ya kwanza anafundishwa pia nage-no-kata, mbinu 15 za kutupa zinazofanywa kwa utaratibu, kuume na kushoto, watu wawili wakiwa wanaelewana hata namna ya kupiga hatua. Kata haifanywi na mtu mmoja. Yule anayetupwa anafanya kazi sawa na yule anayetupa, na kama hajui kazi yake, wote wawili wanaonekana wabaya mbele ya wakaguzi.

Hapo ndipo vita vinaingia. Ili kujifunza hivyo mtu anahitaji vitu vitatu ambavyo kukimbia kunavipokonya kwa siku moja: pahali pa kuangukia, mwenzake wa mazoezi, na mwalimu anayemjua. Jamaa ikiondoka Masisi ao Rutshuru na kulala chini ya bashi pembeni ya Goma, miezi minne inapita bila mtoto kufanya zoezi lolote. Kwa ile hesabu ya juu, ni mazoezi zaidi ya 50 yamepotea. Kiisha inatokea safari nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, kambi kubwa za pembezoni mwa Goma ziliondolewa watu katika majuma machache tu, na jamaa zilizokuwa zimezoeana zikatawanyika kila moja njia yake. Mtoto mwenye mkanda wa kijani alijikuta katika kijiji ambacho hakina mtu anayejua hata neno judo.

Mfano ambao wengi wa upande huu wanaujua, walau kwa jina, ni wa Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote wawili ni wazaliwa wa Bukavu. Popole alizaliwa mwaka 1992. Alikuwa na miaka tisa alipokimbia mapigano ya Kisangani na kupotezana na jamaa yake. Alikaa siku nane msituni kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Yolande naye alitenganishwa na wazazi wake na mapigano akiwa mtoto, akapelekwa Kinshasa kwa helikopta. Ameeleza kwamba katika siku ile anakumbuka kidogo tu, kukimbia akiwa peke yake na kuchukuliwa. Wote wawili walikutana na judo Kinshasa, katika kituo cha watoto waliopoteza makao. Popole amesema mara nyingi kwamba mtoto anahitaji jamaa ya kumwambia la kufanya, na kwamba yeye hakuwa nayo. Judo ndiyo iliyompa utulivu na nidhamu.

Maneno hayo yanafurahisha masikio ya waalimu, na ni ya kweli. Lakini habari yao ina upande mwingine, na wazazi wanapaswa kuujua. Wote wawili walipanda mpaka wakaiwakilisha Congo katika mashindano ya kimataifa, na baadaye wakaeleza kwamba wakati ule mwanariadha akishindwa alikuwa anafungiwa kwa siku kadhaa na kupewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia. Kufuatana na maelezo yao wenyewe, walijikuta kule bila hati mkononi, bila feza na bila chakula cha kutosha. Waliondoka hotelini, wakaomba ukimbizi, na Brazili ikawatambua kuwa wakimbizi. Popole aliishi mtaa wa maskini na kufanya kazi za kubeba mizigo kwenye malori. Muda mrefu ulipita bila judo ya kweli.

Waliporudi kwenye tatami, walipokelewa na Instituto Reação, shirika la Rio lililoanzishwa na Flávio Canto, aliyepata medali ya shaba ya judo katika Olimpiki ya 2004. Mwalimu wao alikuwa Geraldo Bernardes, mzee aliyewahi kuongoza timu ya Brazili katika Olimpiki kadhaa. Aliyoyaona yanastahili kusikilizwa na kila klabu ya Kivu. Vijana hawa walikuwa na nguvu na mbinu, lakini walikuwa wanatupa wenzao wa mazoezi kana kwamba kila pambano ni la kufa na kupona. Watu walikuwa wanaumia. Mtu aliyezoea kwamba kushindwa ni kufungiwa hawezi kufanya mazoezi, anaweza kupigana tu. Bernardes aliwarudisha nyuma kwenye jambo linalofundishwa watoto: mwenzako anakukopesha mwili wake ili ujifunze, na unapaswa kumrudishia mzima. Kano aliliita jambo hilo jita kyoei, yaani wewe na mwenzako muendelee pamoja.

Kwa hiyo wazazi wanaoogopa kwamba judo itamfanya mtoto kuwa mpiganaji, na katika sehemu hii ya inchi hofu hiyo si ya bure, wasiangalie jina la mchezo wala rangi ya mkanda wa mwalimu. Waende wakae pembeni ya tatami mara mbili ao tatu. Waangalie kinachofanyika mtoto anapotupwa na kulia. Waangalie kama mkubwa anamtupa mdogo kwa kiburi na mwalimu anacheka. Judo haina ngumi wala mateke katika mashindano, na asiyejua kujizuia anaondolewa kwenye pambano. Lakini mwalimu mkali bila sababu anaweza kuharibu hata mchezo usio na ngumi. Miaka mitano mikononi mwa mtu kama huyo ni afadhali isiwepo.

Tarehe 10 Agosti 2016, Popole na Yolande waliingia kwenye tatami ya Olimpiki ya Rio. Walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo, watu kumi: wakimbiaji watano wa Sudan Kusini, waogeleaji wawili wa Siria, mkimbiaji mmoja wa Ethiopia na wanajudo hawa wawili wa Congo. Yolande, katika uzito wa kilo 70, alishindwa pambano la kwanza na Linda Bolder, aliyekuwa anaiwakilisha Israeli. Popole, katika kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, na ukumbi wa Wabrazili ukaimba jina lake. Katika pambano la pili alikutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Alishindwa, lakini baada ya kumsumbua bingwa muda mrefu kuliko watu walivyotazamia. Kabla ya mashindano, mbele ya waandishi wa habari, alilia alipokumbuka ndugu zake wawili ambao hakuwa amewaona tangu utoto. Alisema hajui tena nyuso zao zikoje, na akawatumia salamu kupitia televisheni. Jamaa ngapi Bukavu na Kisangani zilikuwa zikisikiliza siku ile, kila moja ikijiuliza kama mtoto yule ni wao?

Wako watakaosema: hao walikuwa na bahati ya kufika Brazili, mtoto aliye chini ya bashi atafanya nini? Ni kweli, na haifai kudanganya watu. Hakuna anayepata mkanda mweusi bila tatami. Ardhi ya Goma ni jiwe jeusi la Nyiragongo, na kumtupa mtoto juu ya jiwe hilo ni kumvunja. Anayefundisha kutupa juu ya udongo mgumu kwa sababu hakuna njia nyingine, asiwafundishe kutupa. Yako mambo mengine. Kuna zoezi linaloitwa uchikomi, kuingia kwenye mbinu mara nyingi bila kumtupa mwenzako, na linafanywa watu wakiwa wamesimama. Asiye na mwenzake hufunga mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye mti ao nguzo, akashika ncha mbili kama vile anashika kimono, akaingia mara hamsini kuume na hamsini kushoto. Wanajudo wa dunia nzima wanafanya hivyo, hata mabingwa. Hatua za kata nazo zinaweza kurudiwa polepole bila kutupa. Kujiviringisha kunawezekana kwenye nyasi nzito ao mchanga uliosafishwa vijiwe. Dakika ishirini za namna hiyo kila asubuhi hazimpeleki mtu kwenye dani, lakini zinazuia mwili kusahau, na mtoto ambaye siku zake kambini hazina kazi yoyote anakuwa na jambo moja lililo lake.

Jambo la hatari katika wakati huu ni mkanda wa haraka. Katika kila mji kuna mtu anayeahidi mkanda mweusi kwa miezi sita, pamoja na cheti chenye mihuri mitatu, mradi feza zilipwe. Jamaa iliyopoteza miaka kwa kukimbia inashawishika kwa urahisi, kwa sababu inaona kama mtoto anarudishiwa kilichoibiwa. Lakini siku mtoto huyo anaposimama mbele ya mkanda wa kahawia aliyefanya saa zake, atatupwa, na kama hakufundishwa kuanguka, ataumia. Cheti hakizuii sakafu. Tena dani ya klabu isiyoandikwa na shirikisho la inchi haisaidii kitu mtu akitaka kushindana ao kufundisha mahali pengine.

Kinyume cha haraka hiyo ni mama mmoja Mjapani, Keiko Fukuda. Babu yake alimfundisha Kano jujutsu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Kano. Alikaa kwenye dani ya tano miaka mingi, kwa sababu tu Kodokan ilikuwa haipandishi wanawake zaidi ya hapo. Mwaka 1972 wakampa dani ya sita. Dani ya kumi alipewa na shirikisho la judo la Marekani mwaka 2011, akiwa na miaka 98, na alikuwa angali anakwenda kufundisha wanawake San Francisco. Wasichana wa Bukavu wanaoambiwa kwamba judo ni ya wavulana wanaweza kumtaja, pamoja na dada yao Yolande.

Kuhusu karatasi, liko shauri moja la kazi. Kadi ya leseni, kitabu cha mikanda na cheti cha kila daraja ni vitu vidogo. Vinaweza kuwekwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo na vyeti vya shule, na picha yake ihifadhiwe kwenye simu ya mtu wa jamaa aliye mji mwingine. Jina la mwalimu na tarehe ya mtihani viandikwe hapo, hata kwa mkono. Mwalimu naye afanye nakala ya daftari lake la wanafunzi, kwa sababu klabu ikiporwa ao ikichomwa, ni daftari hilo linaloweza kusema nani alikuwa amefika wapi.

Na kama karatasi zimepotea zote, bado si mwisho wa habari. Mtoto anafika mji mgeni, anapata klabu, anasema alikuwa na mkanda wa buluu. Mwalimu wa pale hana namna ya kujua kama ni kweli. Kwa kawaida atamwambia avae mweupe kwanza, na mtoto atakasirika kidogo. Kiisha atamwambia aanguke: nyuma, kando, mbele. Kuanguka kwa mtu aliyefanya miaka mitatu hakufanani na kwa mtu aliyefanya miezi mitatu. Kunasikika hata kwa masikio, ule mlio mmoja wa mkono na mguu vikigusa tatami pamoja. Mwalimu anayejua kazi yake atauliza jina la aliyemfundisha, atamweka kwenye mstari wa wenye mikanda ya rangi, na mazoezi yataendelea.

Popole Misenga alirudi tena kwenye Olimpiki, Tokyo, mwezi wa saba mwaka 2021, katika timu ya wakimbizi. Alikuwa na miaka 29. Mashindano yalifanyika Nippon Budokan, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya judo ilipoingia kwenye Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1964, mjini mle mle ambamo Kano alianza na tatami 12. Alishindwa katika pambano la kwanza, akainama kumsalimu aliyemshinda, akatoka.